Nondo wawili katika kiberiti kimoja

Juma lililopita nilipokea bahasha iliyofura upande mmoja kama shavu la mtu mwenye jino bovu. Ndani yake mlikuwa na barua ya ukurasa mmoja na kisanduku cha kiberiti kilichozungushiwa ukanda wa gundi. Aliyeandika ni msichana wa shule ya upili anayeishi mtaa wa Embakasi hapa Nairobi. Anasema usiku mmoja baada ya mvua alikamata nondo wawili chini ya taa ya jikoni. Mmoja ana madoa, wa pili ni wa kahawia tupu. Ndugu yake mdogo ameshikilia kuwa hizo ni aina mbili. Yeye anaona ni aina moja, kwa kuwa wanalingana kwa ukubwa na walikuja pamoja. Wamewekeana dau la chapati mbili. "Tafadhali, mzee wa wadudu," amemalizia, "tuamulie mapema, kwa sababu kwetu chapati hupikwa Jumapili."

Nilikifungua kiberiti juu ya karatasi nyeupe. Nondo walikuwemo, wawili kweli, lakini safari haikuwahurumia. Mmoja alikuwa amebakiwa na bawa zima la kulia. Wa pili alikuwa amesuguana na kuta za kiberiti hadi unga wote ukamtoka, akabaki kama kipande cha karatasi ya kufungia sukari. Nitakwambia nilichoona, ila si sasa hivi. Anayetaka chapati na angoje kidogo.

Kwanza tukubaliane kuhusu jina. Ukiwatajia majirani zetu wa Tanzania nondo, huenda wakadhani unajenga ghorofa, maana kwao nondo ni zile fito za chuma zinazotiwa ndani ya zege. Huku kwetu wengi huwaita wadudu hawa vipepeo wa usiku, na hilo si kosa kubwa, kwa kuwa nondo na kipepeo ni wa ukoo mmoja. Wote mabawa yao yamefunikwa kwa magamba madogo mno, yaliyopangana kama vigae vya paa. Huo unga unaokubakia vidoleni ukimshika ndio magamba yenyewe. Rangi zote, madoa yote na mistari yote ya nondo imo katika unga huo. Ukimshika kwa bawa, unamfutia kitambulisho chake.

Kumtenganisha nondo na kipepeo si kazi kubwa. Tazama vipapasio, yaani zile nyuzi mbili zilizo kichwani. Vya kipepeo huishia na kifundo, mfano wa njiti ya kiberiti. Vya nondo aghalabu ni kama uzi uliochongoka, au kama unyoya. Vipepeo waliokwisha kupewa majina ya kitaalamu duniani ni takriban aina 18,000. Nondo ni karibu 160,000. Kwa vipepeo wa Kenya, Torben Larsen alituandikia kitabu kizima mwaka wa 1991. Anayeanza kutazama nondo hukutana na bahari, na asipojihadhari atazama siku ya kwanza.

Kwa hivyo ushauri wangu kwa kijana anayeanza ni huu: achana na wale wadogo wa kahawia. Anza na wakubwa.

Chukua mfano wa nondo wawili wanaojulikana sana, ambao wote wanapatikana humu nchini na huja kwenye taa. Wote wana mwili mnene kama kidole gumba na mabawa marefu yaliyochongoka, ambayo yakikunjuliwa hupita sentimita 8 na mara nyingine hufika 12. Wa kwanza kwa jina la kitaalamu anaitwa Agrius convolvuli. Kiwavi wake hula majani ya viazi vitamu. Wa pili ni Acherontia atropos. Kiwavi wake naye hula majani ya mimea mingi, viazi na biringanya ikiwa miongoni mwake. Ukiwakuta wametulia ukutani usiku, mabawa yamefunikwa kama paa la kibanda, utaapa kuwa ni baba mmoja mama mmoja. Wote wana rangi ya gome la mti, yenye mawimbi ya kijivu na nyeusi.

Sasa usiangalie rangi. Chagua mahali. Tazama mgongoni, nyuma tu ya kichwa. Acherontia ana alama ya rangi ya manjano iliyofifia, yenye sura ya fuvu la mtu, macho na yote. Agrius hana. Kisha chukua kijiti chembamba, au unyoya wa kuku, usogeze bawa la mbele polepole hadi uone lile la nyuma pamoja na ubavu wa tumbo. Acherontia ana bawa la nyuma la manjano lenye mikanda myeusi, na tumbo nalo lina manjano. Agrius ana bawa la nyuma la kijivu, na ubavuni ana mapande ya waridi yakipishana na meusi. Hapo huna haja ya kumwuliza mtu yeyote. Ukitaka ushahidi wa tatu, tazama mrija wa kunywea. Ule wa Agrius ni mrefu kupita mwili wake mwenyewe, kwa kuwa hunywa maji ya maua yenye koo refu. Wa Acherontia ni mfupi na mnene, kwa sababu yeye ni mwizi wa asali. Huingia mizingani usiku na kutoboa masega, na mwilini ana harufu inayofanana na ya nyuki, hivyo walinzi hawamtambui upesi. Tena akishikwa hulia! Mwenzangu mmoja alimshika kwenye roshani ya nyumba yake, akamtupa na kukimbilia ndani akisema amekamata panya mwenye mabawa.

Umeona nilivyofanya? Sikuuliza "anafanana na nani?" Niliuliza "mahali fulani pana nini?" Ukiuliza swali la kwanza, nondo yeyote wa kahawia atafanana na mwenzake. Na kuna mambo mengi ya kukuchanganya. Balbu ya manjano hugeuza waridi kuwa rangi ya machungwa. Nondo aliyetoka jana kwenye ganda anang'aa, na yule wa juma zima amechakaa kama shati la kazi. Katika baadhi ya aina dume na jike hawavai sare moja. Kwa hiyo wawili wasiofanana wanaweza kuwa mume na mke, na wawili wanaofanana kama mapacha wanaweza kuwa hawana undugu wa karibu hata kidogo.

Hata muda wa mchana una vituko vyake. Kuna nondo anayeruka juani, mwenye mwili wa kijani na mabawa yanayopenya mwanga kama kioo. Huyo ni Cephonodes hylas, na kiwavi wake hula majani ya kahawa na jamaa zake. Wengi humwita nyuki mkubwa, na wengine humdhani ni chozi, yule ndege mdogo wa maua. Yeye huzaliwa na magamba kama nondo wengine, kisha akipiga mbio ya kwanza tu, yanapukutika. Nondo wa aina hiyo hata akikosa unga si kosa lako.

Vyombo vya kazi hii ni vya rahisi. Shuka nyeupe, kuukuu, iliyotundikwa kwenye kamba ya nguo roshanini au uani. Taa mbele yake. Zile balbu za siku hizi za kubana umeme huvuta nondo wachache kuliko taa kubwa za zamani za zebaki, kwa hiyo usikate tamaa wakija watano tu. Usiku usio na mbalamwezi ni bora, na mvua za kwanza zikishanyesha ni bora zaidi. Baada ya saa mbili au tatu uzime taa ili wageni wako waende zao, maana mjusi na paka huijua karamu hiyo kuliko wewe.

Usimkamate kwa vidole. Mfunike kwa chupa ya mdomo mpana, kama ile ya siagi ya njugu, na uteleze karatasi ngumu chini yake. Ukiwa na jokofu, mtie mle dakika chache. Hutulia, nawe utamtazama kwa nafasi kabla hajapata joto na kuruka. (Mwarifu mama kwanza. Mimi niliwahi kusahau chupa karibu na maziwa, na habari hiyo ingali inasimuliwa nyumbani kila tukipata wageni.) Mpige picha kutoka juu, kutoka ubavuni, kisha vipapasio, kisha bawa la nyuma, na uweke rula au sarafu kando yake ili ukubwa ujulikane. Andika tarehe, mahali, saa, na mimea iliyo karibu. Katika mbuga za wanyama na misitu ya serikali huruhusiwi kukusanya wadudu bila kibali, lakini kutazama na kupiga picha hakuna atakayekukataza.

Najua wanafunzi wengi sasa wana simu zenye programu za kutambua viumbe kwa picha. Zitumie, zinasaidia sana. Lakini elewa zinavyofanya kazi: zinalinganisha picha yako na picha zilizokwisha pigwa na watu wengine, na watu wengi zaidi wamepiga picha Ulaya na Marekani kuliko Kitui au Busia. Ikikupa jina, kabla ya kuliandika uliza: nondo huyu anaishi Kenya? Kisha uliza kitu gani kwenye mwili wa nondo huyu kinachothibitisha jina hilo. Ukikosa jibu, bado huna jina. Unayo dhana tu.

Nasema haya kwa ukali kidogo kwa sababu mwenyewe niliwahi kutoa jina bila kutazama, na gharama yake ilibebwa na mtu mwingine.

Ilikuwa mwaka wa 2017, mwezi wa Mei. Mjomba wangu, ndugu ya mama, analima ekari mbili za mahindi huko Trans Nzoia. Alinipigia simu jioni moja. "Mjomba," akaniambia, kwani huitana hivyo sisi wawili, "mahindi yangu yana viwavi. Majani yametobolewa, na katikati ya mche kuna unga unyevu kama wa msumeno. Wewe si ndiye unayejua hawa watu?"

Nilijiona mkubwa. Nilikuwa garini, ndani ya matatu iliyokwama Barabara ya Jogoo, na nilimjibu papo hapo. Nilimwambia hao ni viwavi wa mabua, wale wa siku zote, wanaotoboa shina, ambao jina lao la kitaalamu ni Busseola fusca. Nikaliongeza jina la kitaalamu makusudi, ili abiria waliokaa karibu wasikie. Nikamshauri angojee mvua iongezeke, mche upate nguvu, wengi watasombwa na maji. Mjomba alishukuru, akakata simu. Aliniamini. Akangoja.

Juma la pili lilipopita alinipigia tena, na sauti yake haikuwa ile. Nilipanda basi Ijumaa usiku. Asubuhi tulipoingia shambani sikuona mahindi, niliona vitambaa vilivyoraruka. Katikati ya kila mche mlikuwa na kinyesi cha viwavi kilichojaa kama chakula kilichotafunwa na kutemwa. Mjomba hakunilaumu. Alichukua kiwavi mmoja kutoka kwenye mche, akamlaza kiganjani, akanisogezea mkono.

"Afisa wa kilimo wa wadi alipita hapa juzi," akasema. "Akanifundisha. Hesabu hapa karibu na mkia, wewe unayeandika gazetini."

Nilihesabu. Kwenye pingili ya pili kutoka mwisho kulikuwa na nukta nne nyeusi, zimepangwa kama pembe nne za mraba. Kwenye pingili nyingine pia mlikuwa na nukta nne, lakini hizo mbili za mbele zimekaribiana na mbili za nyuma zimeachana. Mraba ulikuwa pale mkiani tu. Kichwani alikuwa na mstari mweupe wenye sura ya herufi Y iliyopinduliwa juu chini.

Huyo alikuwa kiwavijeshi mgeni, Spodoptera frugiperda. Asili yake ni bara la Amerika. Aligunduliwa Afrika Magharibi mwaka wa 2016, na kufikia mwaka wa 2017 alikuwa ameingia Kenya, akianza kuonekana sehemu za magharibi. Nondo wake anaweza kuruka kilomita 100 kwa usiku mmoja. Kiwavi huyu akiwa mdogo hukaa majani ya nje na anaweza kudhibitiwa. Akishakua hujificha katikati ya mche, nyuma ya kile kinyesi chake kinachomfunika kama kizibo, na dawa haimfikii kwa urahisi. Kutoka yai hadi kiwavi mkubwa huchukua kama majuma mawili au matatu. Yale majuma mawili niliyomwambia mjomba angoje ndiyo hasa yaliyokuwa na thamani.

Ningemwuliza maswali matatu tu katika ile simu, ningejua. Kiwavi wa mabua akiwa mdogo hutoboa vitundu vilivyopangana kwa mstari kwenye jani, kisha huingia ndani ya shina. Huyu mgeni hula matundu makubwa yaliyochanika na hubakia juu. Wa mabua ana mwili wa rangi ya maziwa au waridi hafifu, hana mraba mkiani. Tena hakuna kiwavi mmoja tu wa mabua: huko milimani tuna Busseola fusca, na huku pwani na nyanda za chini yuko Chilo partellus, aliyetoka Asia na kuonekana Afrika mara ya kwanza huko Malawi katika miaka ya 1930. Wataalamu wa icipe, kituo cha utafiti wa wadudu kilichoanzishwa na Profesa Thomas Odhiambo mwaka wa 1970, walimleta nyigu mdogo kutoka Asia na kumwachilia pwani mwaka wa 1993 ili amwangamize Chilo. Nyigu huyo hutaga mayai ndani ya kiwavi. Ndani ya Chilo mayai huanguliwa na kummaliza. Ndani ya Busseola, mwili wa kiwavi huyazingira mayai na kuyaua. Wakulima wawili wanaweza kuwa na shida yenye sura moja kabisa, na dawa ya mmoja isimfae mwenzake.

Kuhusu herufi Y, nayo nikutahadharishe, kwa maana imekuwa maarufu mno. Viwavi wengi wa ukoo huo wana mstari wa aina hiyo kichwani, ila kwa mgeni huyu umekolea zaidi. Ukitegemea Y peke yake utamhukumu asiye na hatia. Yule kiwavijeshi wetu wa tangu zamani, Spodoptera exempta, anayevamia malisho na nafaka kwa maandamano, huwa mweusi kama mahameli wakiwa wengi, na wa kijani akiwa peke yake. Rangi yake hubadilika kwa kutegemea majirani! Basi hesabu nukta.

Mwaka ule mjomba alivuna magunia 19 mahali alipozoea kupata zaidi ya 30. Mvua pia haikuwa nzuri, kwa hiyo siwezi kusema magunia yote yaliyopungua ni ya kiwavi, wala siwezi kusema yote ni yangu. Lakini binamu yangu alikaa nyumbani majuma kadhaa muhula wa tatu, akingoja karo. Nilichangia. Sijawahi kutaja jina la mdudu kwenye simu tangu siku hiyo.

Sasa turudi kwa kiberiti, nadhani umeshahisi kwa nini nilikuchelewesha.

Yule nondo mwenye bawa zima ana upana wa sentimita 3 na kidogo zaidi. Bawa la mbele ni la kijivu na kahawia. Kwenye ncha yake kuna kiraka cheupe cha pembe tatu, na katikati kuna alama hafifu ya mviringo iliyolala kimshazari. Bawa la nyuma ni jeupe kama lulu, lenye ukingo mwembamba wa giza. Hivyo ndivyo dume la kiwavijeshi mgeni linavyoonekana. Jike lake halina kile kiraka cheupe. Ni la kahawia na kijivu, limepooza, huwezi kulitazama mara mbili. Kwa hiyo dada mtu anaweza kuwa amesema kweli: wa madoa ni bwana, wa kahawia tupu ni bibi.

Ila subiri. Wa kahawia tupu unga wake umetoka. Jike la mgeni ni la kahawia. Exempta ni wa kahawia, ingawa bawa lake la nyuma mishipa yake hukolea giza kidogo. Kuna na mwingine, Mythimna loreyi, mwenye rangi ya nyasi kavu na mstari wa giza katikati ya bawa, mwenye nukta ndogo nyeupe. Huyo wa mwisho amewasumbua hata mabingwa. Katika nchi kadhaa za Afrika watu walitega mitego yenye harufu ya jike la mgeni, iliyotengenezwa maabara, ili wahesabu madume. Walipofungua mitego walikuta Mythimna wamejaa humo, wamevutwa na harufu ileile. Anayehesabu bila kutazama moja moja angetangaza uvamizi mahali ambapo hakuna. Na wanapokuwa wamechakaa, mtaalamu hulazimika kufungua ncha ya tumbo na kutazama viungo vya uzazi kwa hadubini, au kupima chembe za urithi. Hata huyo mgeni mwenyewe ana matawi mawili, moja lipendalo mahindi na moja lipendalo mpunga na nyasi, ambayo kwa macho huwezi kuyatofautisha kabisa.

Basi hukumu ni hii. Wa kwanza: dume la Spodoptera frugiperda, kwa kuwa kiraka, mviringo na bawa jeupe vyote vipo. Wa pili: nondo wa ukoo wa Noctuidae, basi. Hivyo ndivyo nilivyoandika katika daftari langu, pamoja na tarehe na neno Embakasi. Sikuandika "jike", ingawa mkono uliniwasha. Chapati igawanywe, kila mmoja ale moja.

Msichana wangu, wakija tena usinitumie nondo. Nitumie picha nne kama nilivyoeleza hapo juu. Ukitaka kuwaona waliohifadhiwa vizuri, wakiwa wamepigwa pini na kuandikiwa vibandiko, Jumba la Makumbusho la Nairobi lina mkusanyiko mkubwa wa wadudu, na shule inaweza kuomba ziara.

Lakini liko jambo lisiloweza kungoja barua nyingine. Mwishoni mwa ukurasa, kama kitu kidogo tu, umetaja kuwa nyuma ya jengo lenu mama mwenye nyumba amepanda mistari sita ya mahindi, na kwamba sasa yamefika magotini. Mpelekee gazeti hili leo hii. Mwambie aingie shambani asubuhi na mapema, afunue katikati ya miche kumi, moja hapa moja pale, atazame kama kuna vitundu vidogo vya mwanga kwenye majani machanga au unga unyevu. Akipata kiwavi, amlaze kiganjani, nawe umhesabie nukta. Zikiwa mraba, wakati ungalipo wa kumwita afisa wa kilimo.